Baada ya ushuhuda, kipimo cha damu

Tarehe 18 Mei 2025 ofisi ya Joe Biden, aliyekuwa rais wa Marekani, ilitangaza kwamba ana kansa ya prostati na kwamba imekwisha kufika kwenye mifupa. Baada ya ibada ya Jumapili, wanaume wa parokia yetu hapa Kisangani walinizunguka mlangoni wakiwa na swali moja: mtu mwenye madaktari wake mwenyewe, ugonjwa huu ulimpitaje? Msemaji wake alieleza kwamba kipimo cha mwisho cha damu kinachojulikana, kile cha PSA, alifanyiwa mwaka 2014. Madaktari wengi hawaendelei kukitumia kwa mzee aliyepita miaka 70 asiye na dalili, na wana sababu zao. Lakini wanaume wetu walisikia jambo moja tu, kwamba kipimo kiliachwa na ugonjwa ukaja.

Nataka kuandika juu ya kipimo hichohicho, ila kwa upande ambao kwetu hauzungumzwi: damu ya mtu ambaye amekwisha kupasuliwa, amepona, na amesimama mbele ya kanisa kushuhudia. Nina sababu ya kulichagua jambo hili, na si ya kunipa sifa.

Miaka michache iliyopita papa mmoja, mwalimu mstaafu na mshauri wa parokia, aligunduliwa kansa ya prostati mapema. Watoto wake waliuza kiwanja, wakampeleka nje ya nchi, prostati ikatolewa yote. Aliporudi alitoa ushuhuda, akina mama wakaimba mpaka vumbi likapanda. Mimi nilichukua kipaza sauti nikasema kwamba Papa huyu harudi tena hospitali. Katika mfuko wake kulikuwa na karatasi ya daktari iliyoandikwa: PSA kila baada ya miezi michache. Alinijia ofisini na karatasi ile akaniuliza kama kuendelea kupima hakutakuwa kumwonyesha Mungu mashaka. Nilimjibu, “Papa, fuata amani ya moyo wako.” Nilidhani ni jibu la kichungaji. Moyo wake ulitaka kumaliza mambo ya hospitali na fedha za watoto, basi akaufuata. Baada ya miaka mitatu mgongo ulianza kumuuma. Walipopima, namba ilikuwa imepita 80.

Yuko hai, anatibiwa, na tunasali pamoja. Hajawahi kunilaumu. Mama, mke wake, aliniuliza mara moja tu: “Pasta, wewe ulisoma theolojia miaka mingapi?”

Basi nimesoma. Nimekaa na madaktari wawili wa mji huu, nimeuliza maswali ya mtoto wa shule, na haya ndiyo niliyoelewa.

PSA ni protini inayotengenezwa na chembe za prostati, ziwe nzima au ziwe za kansa. Kidogo chake huingia kwenye damu. Mwanaume mwenye prostati yake anaweza kuwa na PSA juu kwa sababu nyingi zisizo kansa: uvimbe wa kawaida wa uzee, maambukizi, mpira wa kukojolea aliowekewa juzi. Ndiyo maana kipimo hiki kina ubishi kinapotumika kutafuta kansa kwa watu wasio na dalili. Lakini mtu aliyetolewa prostati yote hana tena kiwanda cha PSA. Iliyobaki kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya siku 2 au 3, na baada ya wiki 6 hivi mashine isione kitu. Ikiona, na namba ikaendelea kupanda, maana yake kuna chembe za prostati zinazoishi mahali fulani mwilini. Hapo ubishi unapungua sana. Na kwa kweli kazi hii ya kufuatilia ndiyo ya kwanza: wakuu wa dawa wa Marekani waliruhusu kipimo cha PSA mwaka 1986 kwa ajili ya watu waliokwisha kugunduliwa na kutibiwa. Ruhusa ya kusaidia kugundua ugonjwa ilikuja mwaka 1994.

Mpaka unaotumiwa na wengi baada ya upasuaji ni nanogramu 0.2 kwa mililita, ikithibitishwa na kipimo cha pili. Nakuomba, ndugu msomaji, uishike namba hiyo: sifuri, nukta, mbili. Utaona sasa hivi kwa nini.

Katika mji wetu kuna vibanda na vituo vya afya vinavyopima PSA kwa kijikaratasi, kama kile cha malaria au cha mimba. Tone la damu, dakika chache, mstari mmoja au miwili. Vingi vya vijikaratasi hivyo vimetengenezwa vionyeshe mstari wa pili PSA inapofika 4. Kwa mtu ambaye hajapasuliwa, 4 ni namba yenye maana fulani. Kwa aliyetolewa prostati, 4 ni mara ishirini ya mpaka. Mtu mwenye 0.5, mwenye 1.5, hata mwenye 3, ataambiwa “negatifu”, atalipa, atapanda toleka arudi Mangobo akimshukuru Mungu. Hajadanganywa na mtu. Kipimo kimejibu swali lisilo lake. Anayehitaji kufuatiliwa baada ya upasuaji anahitaji mashine inayotoa namba, yenye kushuka angalau mpaka 0.1, na afadhali labo ileile kila mara, kwa sababu mashine mbili tofauti zinaweza kutoa namba mbili kwa damu moja.

Kuna jambo lingine linalotuchanganya zaidi hata kuliko kijikaratasi. Hapa kwetu tunasema “wamemtoa prostati” kwa upasuaji wa aina mbili zisizofanana. Wanaume wengi waliopasuliwa Kisangani walikuwa na uvimbe usio kansa uliowazuia kukojoa. Daktari huondoa sehemu ya ndani iliyovimba na kuacha ganda la nje. Fikiria chungwa: ametoa nyama, ganda limebaki. PSA ya mtu huyo haitafika sifuri, na hatupaswi kumtia hofu kwa sababu ya 0.6. Lakini ganda lile ndilo mahali kansa hupenda kuanzia, kwa hiyo hawezi kusema kansa ya prostati haimhusu tena. Upasuaji wa pili, wa kutoa chungwa zima na ganda lake, hufanywa kwa kansa iliyogunduliwa mapema, na kwetu ni wachache wanaofika mapema hivyo. Papa akikuambia amepasuliwa prostati, muulize: waliondoa yote au sehemu? Na nyama iliyotolewa, ilipelekwa kuangaliwa kwa darubini? Nimeuliza wanaume tisa wa parokia yetu. Wawili tu walijua jibu la swali la pili.

Tuseme sasa prostati yote imetoka na namba imerudi, 0.2, kisha 0.3. Je, ni hukumu ya kifo? Hapana, na hapa wachungaji tunaweza kufanya kosa la upande wa pili, la kuanza kumlilia mtu. Mwaka 1999 madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, walichapisha habari za wanaume 1,997 waliotolewa prostati hapo. Karibu 15 katika kila 100 walipandisha PSA baadaye. Kwa hao, muda wa kati tangu namba kurudi mpaka kansa kuonekana mahali pengine mwilini ulikuwa miaka 8, na tangu hapo mpaka kufa miaka 5. Wengi wa wanaume hao walikuwa Wamarekani weupe waliogunduliwa mapema. Nisingepima umri wa mtu wa Lubunga kwa namba hizo. Lakini zinatufundisha kwamba damu husema miaka mingi kabla ya mgongo.

Namba yenyewe si kitu pekee kinachosomwa. Madaktari huangalia mambo matatu hasa. Kwanza, ilirudi lini: baada ya miaka mitatu au zaidi ni afadhali kuliko ndani ya mwaka wa kwanza. Pili, darubini ilisema nini juu ya ukali wa kansa siku ya upasuaji. Tatu, na hili ndilo lililonishangaza, namba inachukua muda gani kujirudia mara mbili. Mtu mwenye 0.4 ambaye mwaka jana na nusu alikuwa na 0.2 anaweza kufa na uzee wake, wajukuu wakiwa kando. Mwenye 0.4 ambaye miezi mitatu iliyopita alikuwa na 0.2 yuko katika hatari kubwa. Namba ni ileile. Na kama hana karatasi ya zamani, hakuna daktari duniani anayeweza kumwambia yeye ni yupi kati ya hao wawili. Watafiti wanatafuta alama nyingine katika damu, kama vipande vya urithi vinavyodondoka kutoka kwenye kansa, au uwiano wa aina za chembe nyeupe. Mpaka sasa, katika kuwafuatilia waliopasuliwa, hakuna iliyoiondoa PSA kwenye kiti chake, na hilo ni habari njema kwetu, maana PSA inapatikana.

Kinachofuata hakipatikani kirahisi. Namba ikirudi mapema, mionzi mahali prostati ilipokuwa inaweza bado kumponya mtu, na inafanya kazi vizuri zaidi namba ikiwa chini ya 0.5. Mwaka 2020 utafiti mkubwa ulioitwa RADICALS, wa wanaume 1,396, ulionyesha kwamba si lazima kumchoma mionzi kila aliyepasuliwa mara moja. Unaweza kumwacha, ukampima, na kumpa mionzi namba ikipanda tu, bila yeye kupata hasara. Wanaume wengi waliepushwa mateso ya bure. Lakini mpango huo unasimama juu ya nguzo mbili, kipimo kisichokatika na mashine ya mionzi inayofikika. Sisi wa Tshopo mashine hatuna. Wengi wetu hufikiria Kampala, na hata kule, mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika, wagonjwa wakangoja mashine mpya mpaka mwisho wa 2017. Barabara ya kwenda huko inapita Bafwasende, Mambasa, Beni, na msomaji wa eneo hili hahitaji kuelezwa maana yake. Goma nayo, uwanja wake wa ndege ulifungwa katika vita vya Januari 2025. Ndiyo maana kwetu kujua mapema kuna thamani zaidi kuliko kwa mtu wa Baltimore. Yeye akijua Jumatatu, Ijumaa yuko kwenye mashine. Sisi tunahitaji miezi ya kutafuta fedha, pasipoti na njia.

Nchi yetu ina historia na ugonjwa huu ambayo hatuisemi kanisani. Agosti 1996 Rais Mobutu alipasuliwa Lausanne, Uswisi, kwa kansa ya prostati. Oktoba vita vikawaka mashariki. Tarehe 15 Machi 1997 Kisangani ikaanguka, na waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka siku yenyewe. Tarehe 17 Mei Kinshasa. Tarehe 7 Septemba alikufa Rabat, mwaka mmoja na siku chache baada ya upasuaji. Taifa zima lilikuwa likisoma mwili wa mtu mmoja kwa minong'ono, maana ugonjwa wa mkubwa ulikuwa siri ya serikali. Sidai kwamba kusema wazi kungemponya, maana kansa ilikuwa imekwenda mbali. Lakini wanaume wa umri wangu na wakubwa wetu tulijifunza kutoka kwake kwamba prostati ni jambo la kufichwa, na kwamba upasuaji wake ni mlango wa kaburi.

Mwaka 2014, mwezi Novemba, jirani yetu Jakaya Kikwete, rais wa Tanzania wakati ule, alipasuliwa kansa ya prostati katika hospitali ileile ya Johns Hopkins. Ofisi yake ilitoa taarifa angali kitandani. Alirudi, akamaliza muhula wake mwaka 2015, na mpaka leo anasafiri na kuhutubia. Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini aligunduliwa mwaka 1997, mwaka uleule aliokufa Mobutu, akasema hadharani, akaishi na ugonjwa huo na matibabu yake mpaka 26 Desemba 2021. Nikisimulia majina haya mawili kwenye kikundi cha akina papa, uso wa watu hubadilika. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amesikia habari ya Tutu.

Sasa nirudi kwa swali la mwalimu wangu mstaafu, kama kupima ni mashaka. Nilipaswa kumfungulia Mambo ya Walawi 13 na 14, sura ambazo wahubiri tunaziruka kwa sababu zina madoa na vipele. Humo kuhani hatamki neno upesi. Anaangalia, anangoja siku saba, anaangalia tena, anangoja saba nyingine. Aliyetangazwa safi anarudi kuonyeshwa alama ikibadilika. Hata nyumba iliyokwanguliwa na kupakwa upya inakaguliwa, doa likirudi ukutani. Hakuna mahali ambapo kurudi kunaitwa ukosefu wa imani. Na Bwana Yesu alipowatakasa wenye ukoma kumi aliwatuma kwa makuhani, yaani kwenye ukaguzi. Sisi wazao wa misheni ya Yakusu tungepaswa kulijua hili bila Walawi. Daktari Chesterman alipofika hapo mwaka 1920, kando ya mto chini kidogo ya mji wetu, alikuta malale. Kwa miaka mingi desturi ya kutibu malale katika nchi hii ilikuwa kumfuatilia mtu mpaka miezi 24 baada ya dawa, maji ya uti wa mgongo yakipimwa tena na tena, kwa sababu ugonjwa ule ulijua kujificha. Babu zetu walirudi na kuchomwa sindano ile ya mgongoni, na walikuwa waumini.

Kuna jambo la mwisho ambalo ni zito kulisema, lakini wachungaji wenzangu wataulizwa. Kansa ikiwa imesambaa, matibabu ni kuzima homoni za kiume. Charles Huggins alionyesha njia hiyo mwaka 1941 na kupata tuzo ya Nobel mwaka 1966. Sindano zinazofanya kazi hiyo ni za kila mwezi au kila miezi mitatu, na ni ghali. Njia ya bei nafuu ni kuondoa korodani kwa upasuaji mara moja. Papa wetu alichagua hiyo. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema, alinijia faraghani na Kumbukumbu la Torati 23, mstari wa kwanza, akiuliza kama Papa anaweza kuendelea kuwa mshauri. Nilimsomea Isaya 56, ambapo Bwana anawapa matowashi wanaomshika jina ndani ya nyumba yake, kisha Matendo 8, ambapo Filipo hakumwuliza yule Mwethiopia neno lolote juu ya mwili wake kabla ya kumbatiza. Papa bado ni mshauri. Lakini najua kuna wanaume wanaokataa matibabu hayo kwa kuogopa swali lile la mzee, na wengine waliopasuliwa ambao mkojo unawavuja, wameacha kuja ibadani wakiogopa harufu. Hao wa pili kwanza watafutieni kiti karibu na mlango.

Parokia yetu sasa ina daftari. Anayelishika ni infirmie mstaafu, na halisomwi na mtu mwingine. Kila papa aliyetolewa prostati yote ana ukurasa: tarehe ya upasuaji, labo, namba. Tunafuata mpango wa madaktari wa Ulaya kadiri tunavyoweza, yaani miezi 3, 6 na 12, halafu kila miezi 6 mpaka mwaka wa tatu, kisha mara moja kwa mwaka. Sadaka ya pili ya mwezi inasaidia wasioweza kulipia. Wako wanne tu. Ushuhuda bado tunautoa, na mwishoni mwake infirmie husimama na kutaja, bila namba, mwezi ambao ndugu huyu ataenda tena kupima. Mara ya kwanza watu walicheka kidogo. Sasa wanasema amina.

Mmoja wa wanne, anayeishi ng'ambo, Lubunga, alikuwa na 0.1 kwa miaka miwili. Mwezi uliopita ilikuwa 0.2. Daktari amesema arudie baada ya wiki sita, mashine ileile, kabla ya kuamua lolote. Watoto wake wameanza kuuliza bei ya safari. Yeye ameniomba nisimwombee hadharani bado, nami nimekubali. Atavuka mto Jumatano asubuhi, nimemwahidi kumngoja upande wa Makiso.